Daraja Ninaloangukia Makusudi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kama ni kucheka basi cheka kwanza umalize ndipo unijibu, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha kabisa mpaka siku lilipoacha kuchekesha, na sasa limenikwama kooni na sina wa kumwambia, barua hii nimeileta mapokezi ya gazeti lenu kwa mkono wangu mwenyewe ili isichelewe.

Mimi ni mgane wa miaka sitini na mitatu, mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita, na kazi yangu ni fundi wa meno bandia, karakana ni chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi, mtaani wananiita Mzee Meno. Madaktari wananiletea vinywa vya watu vikiwa vimetolewa sura kwa plasta, mimi nachonga meno kwa nta, namwaga plastiki, nasugua, napeleka, lakini wenyewe siwaoni. Meno yao nayajua kuliko wake zao wanavyoyajua, sura sizijui, na naweza kukaa siku nne na mataya ya watu kumi na mmoja juu ya meza nisisikie hata kinywa kimoja kikinisalimia. Zamani hilo halikunisumbua kwa sababu chumba cha pili kulikuwa na mtu anayeimba vibaya huku anapiga pasi.

Nina mtoto mmoja, binti, anafanya kazi katika maabara ya kupima maji, mji wa pili, saa mbili kwa basi. Baada ya msiba alikuja kila wiki, halafu kila mwezi, halafu ikawa simu, na simu yenyewe ni “Baba, umekula?” “Nimekula.” “Haya, upumzike.” Simlaumu, mshauri, wala usimlaumu, mimi ndiye sijui kuongea na simu, nikiishika tu maneno yote yananikimbia kama watoto walioitwa kuoga.

Sasa miezi minane iliyopita alinunua mashine mpya ya gemu, ile ya zamani akaniletea mimi, akaiunga kwenye televisheni, akaniwekea mkononi kile kidude chenye vitufe wanachokiita padi, akasema, “Jaribu, Baba, itakuchangamsha.” Nikasema moyoni, mzee mzima na midoli! Lakini nikajaribu. Mshauri, sijui kama umewahi kuona kitu hicho. Kuna kijamaa cha mviringo kama kiazi, kimevaa faneli ya kumiminia mafuta kichwani, na hicho ndicho unachokitembeza. Nchi yake ina vilima vya waridi na nyasi za zambarau, watu wanaishi ndani ya viatu, kuna mbuzi anauza miavuli na hapanyeshi hata siku moja, kuna kuku anayeongoza kwaya ya ndoo, na ukikosea ukamgonga anaanzisha wimbo upya kutoka mwanzo huku amenuna. Hakuna anayekutisha. Kazi yako ni kutafuta vifungo vya dhahabu vilivyofichwa na kufungua lango la mwisho, basi.

Kilichonishika mimi si vifungo. Nchi ile ina pande zote. Picha za kawaida zina mbele tu, lakini hii unaweza kuzunguka. Siku ya pili nilizunguka nyuma ya kiatu kimoja, hakuna kifungo huko, hakuna njia, hakuna sababu ya mtu yeyote kwenda, nikakuta kamba ya nguo na soksi tatu ndogo zimeanikwa, zinapepea. Nikakaa nikazitazama muda mrefu. Mimi maisha yangu yote nachonga mgongo wa meno, upande wa ulimi, ambao hakuna atakayeuona wala kuusifu, na mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nahangaika nao. Basi kumbe kuna mwenzangu mahali fulani, simjui, aliyeanika soksi nyuma ya nyumba kwa ajili ya mtu mmoja atakayezunguka. Nilijisikia nimesalimiwa.

Sasa nije kwenye daraja. Katikati ya nchi ile kuna daraja la mbao zinazolia kama kinanda ukizikanyaga, na kila ubao ukilia unaanguka, kwa hiyo lazima uruke na kujizungusha hewani kwa mpigo mmoja. Ukikosea unatumbukia mtoni, na chura mkubwa mwenye miwani anakutema ukingoni akikoroma maneno yasiyoeleweka. Jumamosi ya kwanza binti yangu yupo, nilianguka kwelikweli. Chura akakoroma, binti yangu akanitafsiria kwa kubuni, “Umelowa tena, mheshimiwa?” halafu akacheka. Mshauri, alicheka kicheko cha mama yake, kile kinachoanzia puani. Kilikuwa hakijasikika ndani ya nyumba ile tangu tuzike.

Jumamosi iliyofuata akaja tena, hata mkoba hajautua anauliza, “Vipi, Baba, umevuka?” Na mimi nilikuwa nimevuka tangu Jumatatu. Ukweli ulikuwa mdomoni, nikaumeza. Nikasema, “Wapi! Limenishinda.” Akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha mama yake, miguu juu, akasema, “Haya, leo hatutoki hapa.” Ndipo nilipokosea, au ndipo nilipopatia, nimekuletea wewe uamue.

Tangu hapo nimeanguka makusudi kila Jumamosi kwa miezi minane. “Baba, kitufe cha chini, kisha cha pembeni.” “Kipi cha chini?” “Cha chini, Baba! Si nilikwambia wiki jana?” “Aa, ndiyo, ndiyo,” nami nabonyeza cha juu. Yeye mwenyewe angeweza kulivuka kwa dakika moja akanipeleka ng'ambo, lakini hajafanya hivyo hata mara moja, ananirudishia padi, “Jaribu tena.” Katikati ya wiki nacheza kwa siri, mashine inaruhusu kuhifadhi michezo miwili, mmoja ni wa Jumamosi, umelala pale darajani, wa pili ni wangu, nimeshaumaliza mara tatu, vifungo vyote mia na ishirini ninavyo, na lile daraja nalivuka nikiwa nimeshika kikombe cha chai kwa mkono wa pili. Ninapojua anakaribia kufika, nazima ule wangu na kuufuta ule uso wa ushindi kama mwizi.

Mwezi uliopita kicheko kilikatika. Nikaanguka, chura akakoroma, hakumtafsiri. Nikageuka nikamkuta ananitazama mikono. Mikono hii, mshauri, ambayo inachonga jino dogo kuliko punje ya mahindi, inashindwa na vitufe viwili, na kila wiki nimesahau nilichofundishwa wiki iliyopita. Nikamsikia jikoni anaongea kwa simu na dada yangu, “Shangazi, Baba anatupotea.”

Kesho yake dada yangu huyo akatokea, ana mafuta ya kunipaka eti, kumbe ana mtihani. “Kaka, hivi leo siku gani?” Nikaona ananifanya mtoto, nikamjibu kwa utani, leo ni mwaka mpya, nikupe zawadi gani? Akaandika moyoni. Akaniuliza hili na lile, halafu akaniuliza, “Na wifi yangu, jina lake nani?” Hapo utani ulinitoka. Machozi yalinilengalenga nikashindwa kulitamka, kwa sababu sijalitamka kwa sauti muda mrefu, hakuna wa kumtamkia. Dada yangu akauchukua ukimya ule akaupeleka kwa binti yangu kuwa nimelisahau jina la mke wangu.

Jumamosi iliyopita binti yangu hakuwasha hata televisheni. Alinishika mikono akaongea polepole kama anayeongea na kiziwi. Amepewa ukuu wa maabara mpya, nchi ya mbali, miaka mitatu, kazi aliyoiota tangu akiwa anasoma, na ameamua kuikataa, Jumatatu ijayo ndiyo mwisho wa kujibu. Atahamia kwangu, kwenye chumba chake cha utotoni. Jumatano itakayofuata hiyo Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa ubongo. Akasema, “Usiogope, Baba. Sitakuacha.”

Na mimi, mshauri, nilifurahi. Hilo ndilo sijamwambia mtu. Kabla sijaona aibu, kabla sijafikiri chochote, nilifurahi, niliona vikombe viwili mezani asubuhi, nikanyamaza, nikamwacha aende. Alipoondoka nikaiwasha ile nchi, nikampeleka yule kiazi wangu nyuma ya kiatu, tukasimama pale tukitazama soksi mpaka nikaona giza limeingia chumbani.

Nikisema kweli, ataondoka, tena ataondoka ameudhika, na Jumamosi zangu zimekwisha. Nikinyamaza, anabaki, na nitakuwa nimemla mtoto wangu mzimamzima. Kuna sauti inaniambia, nyamaza tu, si mwenyewe ameamua? Naogopa kwamba nitaisikiliza. Jina langu lifiche, ingawa yeye gazeti hulisoma kurasa za michezo tu. Niite Mwanguka Mtoni.

* * *

Mwanguka Mtoni, kaka yangu,

Kucheka nilicheka, sikufichi. Nilicheka mpaka jirani yangu wa dawati akaja kuuliza kuna nini. Nikafika pale dada yako anapouliza jina la marehemu, nikaacha kucheka, na barua yako nikaipeleka mbele ya foleni, maana gazeti hili linatoka Ijumaa na binti yako anakuja Jumamosi. Huna muda wa kuzungushwa na maneno matamu.

Nianze na pole. Pole ya mkeo, na pole ya kimya cha nyumba hiyo. Nakijua. Mimi nilipofiwa nilikuwa nachomoa waya wa redio yangu mwenyewe, naibeba hadi kwa fundi, ili tu mtu aniulize, “Inasumbua nini, mama?” Fundi yule alinigundua safari ya nne. Alinivutia kiti. Kwa hiyo usidhani anayekuandikia hapa ni malaika.

Lakini mimi nilichomoa waya wa redio. Wewe umechomoa maisha ya mtu. Tafauti unaiona, au nikuchoree? Mtoto wako halali akifikiri ubongo wa baba yake unayeyuka. Ameshamlilia shangazi yake, ameshakuombea nafasi kwa daktari, wakati wewe Jumatatu hadi Ijumaa unavuka daraja na chai mkononi. Haya, kaka! Hivi kweli! Na dada yako naye, mwenye mafuta, kaona mtu mzima ana machozi akadhani ana maradhi. Huyo tutamshughulikia siku nyingine.

Umeniuliza ulikosea au ulipatia. Jumamosi ile ya pili ulikuwa na njaa ukala kilichokuwa mezani, siwezi kukupiga kwa hilo. Ulipokosea ni siku kicheko kilipokatika. Siku ile uliona mtoto amekutazama mikono, ukajua anachofikiri, ukaendelea kuanguka. Hapo hukuwa mpweke tu, ulikuwa mchoyo. Na kwa kufurahi kwako usijilaumu sana mbele yangu. Kila mzazi angefurahi. Ubaya si kufurahi, ubaya ni kunyamaza ukamwacha aende na jibu hilo.

Sasa soma barua yako mwenyewe, maana umeandika jambo na hukuliona. Unasema angeweza kulivuka hilo daraja kwa dakika moja na hajafanya hivyo hata mara moja. Miezi minane! Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kila wiki ya Mungu, kwa ajili ya ubao unaolia? Daraja gani hilo? Ndugu yangu, mtu huyo haji kwa ajili ya daraja. Naye pia alifiwa, amefiwa na mama, na kiti anachokalia ni cha nani? Mmekaa chumba kimoja watu wawili, kila mmoja anamtegea mwenzake ili mchezo usiishe. Wewe ukadhani uongo ndio unaomleta. Angekuja. Hujawahi kumwambia “njoo,” utajuaje?

Umemsifu huyo aliyeanika soksi nyuma ya nyumba. Umesema ulijisikia umesalimiwa. Basi binti yako anazunguka nyumba yako miezi minane akitafuta soksi hizo, na wewe kila akizunguka unamgeuzia ukuta wa mbele. Umekula? Nimekula. Hayo ni mazungumzo gani?

Sikiliza utakachofanya, na usinipunguzie hata kimoja. Gazeti hili usimwachie mezani alisome mwenyewe ukajifanya umekwenda dukani. Nakujua sasa, ndivyo unavyopanga. Simu pia usipige, umekiri mwenyewe kwamba simu inakunyang'anya maneno. Dada yako mwite Ijumaa hiihii, mtamkie jina la mkeo kwa sauti, mara mbili, kisha mwambie asiguse simu mpaka Jumapili. Kulitamka kutakuuma. Litamke.

Daktari wa Jumatano mpishe anayemhitaji. Ila kwa daktari wa macho nenda, kwa umri wetu na kazi yako hilo halina mjadala.

Halafu kazi ya ng'ambo ataichukua. Atakapokwambia “Basi nitabaki tu, Baba, hata hivyo,” maana anaweza kusema, wewe ndiye utakayesema hapana, na useme kama baba. Usiulize utaishije, hilo si swali la kumbebesha mtu anayefunga sanduku. Nimemuuliza kijana wetu wa kurasa za michezo, anasema siku hizi kuna gemu watu wanacheza pamoja, kila mtu yuko kwake, na wanasikiana sauti. Mimi sijui hayo mambo, muulize binti yako, yeye anajua, tena kwenye padi maneno hayakukimbii kama kwenye simu. Na katikati ya wiki ufunge karakana adhuhuri moja, uwaombe hao madaktari wako uwe unakwenda mwenyewe kuwavisha wateja meno. Miaka yote hiyo hujawahi kumwona mtu akicheka kwa meno uliyomchongea? Nenda ukaone.

Ataudhika, ndiyo. Atalia, huenda akachukua mkoba akatoka hadi barabarani. Usimfuate na maelezo. Weka maji ya chai jikoni, uache mlango wazi. Mtu aliyepanda basi miezi minane kwa ajili yako hawezi kufika mbali na mlango huo.

Lakini hayo yote ni baadaye. Jumamosi akifika, kabla hajakushika tena mikono na kuongea polepole, mwambie akae kwenye kile kiti. Washa televisheni, chukua mchezo wenu, ule uliolala pale ukingoni, si ule wako wa siri. Shika padi vizuri. Usiseme neno. Livuke daraja lote mbele ya macho yake, kwa mara moja, bila kulowa, kwa mikono ile inayochonga meno. Ukifika ng'ambo, weka padi chini, mgeukie, umwambie, “Mwanangu, mimi siumwi. Ni upweke tu.”